Chaneli Ikipotea: Tatizo Liko Wapi na Mtazamaji Afanye Nini

Chaneli inapotoweka kwenye king'amuzi, mtaa mzima huwa na maelezo yake. Huyu anasema kifurushi kimeisha, yule anasema dishi limehama, wa tatu ana hakika serikali imefunga kituo, na fundi wa jirani anashauri waya zote zibadilishwe. Mwenye nyumba anapiga simu ya huduma kwa wateja na kuwekwa kwenye foleni. Wakati huo tamthilia aliyoifuatilia tangu sehemu ya kwanza inaendelea bila yeye, au mechi imeshaingia kipindi cha pili.

Mkanganyiko huu una gharama zake. Kuna kaya zilizonunua king'amuzi cha pili kwa tatizo ambalo lingeisha lenyewe baada ya wiki chache, na kuna zilizoendelea kulipia kifurushi mwezi baada ya mwezi zikisubiri chaneli ambayo haikuwa na njia ya kurudi. Zote zilifanya uamuzi bila kujua sababu. Ndiyo maana kabla ya kuuliza mtazamaji ajipozeje, ni lazima kujua kwanza ni nini kilichokatika na nani aliyekikata.

Kinachokatika si picha peke yake

Watunga sera wengi wanaposikia malalamiko ya watazamaji huyaweka kwenye fungu la anasa. Utafiti wa zamani unawapinga. Tarehe 30 Juni 1945 wasambazaji wa magazeti jijini New York waligoma, na kwa zaidi ya wiki mbili jiji lile likakaa bila sehemu kubwa ya magazeti yake. Mtafiti Bernard Berelson aliitumia nafasi hiyo kuwauliza wasomaji walikuwa wanakosa nini. Karibu wote walisema wanakosa habari nzito za dunia, lakini walipotakiwa kutaja ni habari ipi hasa, wengi hawakuwa nayo. Kilichowatoka kilikuwa desturi: kitu cha kushika asubuhi, mada ya kuzungumza na mwenzio, uhakika kwamba bado uko ndani ya mambo. Berelson aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1949.

Televisheni iliongeza jambo moja juu ya hayo, nalo ni sura. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliandika kwamba mtazamaji huwazoea watu wa kwenye skrini kama anavyowazoea watu wa nyumbani, ingawa wao hawamjui. Wakenya waliomwombolezea Charles Bukeko, Papa Shirandula, alipofariki Julai 2020, hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Walimpoteza mtu aliyekuwa akiingia sebuleni mwao kila wiki kwa miaka.

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, siku ina saa zake za televisheni. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku Tanzania huamua chakula kiwe tayari saa ngapi, tamthilia hukusanya mama, binti na dada wa kazi mbele ya skrini moja, na mechi ya Simba na Yanga husimamisha miji. Saa hizo zikivurugika, watu hupoteza mahali pa kukutana. Huo ndio uzito wa suala hili, na ndiyo sababu halistahili kujibiwa kwa kuwaambia watu wazime seti walale.

Sababu zinafanana machoni, mizizi yake tofauti

Kuna sababu ndogo ambazo tuzipite upesi. Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya madishi madogo ya masafa ya Ku, na picha hurudi mvua ikipungua. Umeme nao hukatika: tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya yote ilikaa gizani, na Tanzania gridi ya taifa ilizimika tarehe 1 Aprili 2024. Dalili ya aina hii ni moja: chaneli zote hupotea kwa pamoja. Ikipotea chaneli moja, au kundi la chaneli za mmiliki mmoja, huku nyingine zikionekana vizuri, basi kwa kawaida tatizo haliko kwenye dishi wala waya, na fundi hana cha kurekebisha.

Sababu nzito ya kwanza ni ugomvi wa leseni na njia za kusafirisha matangazo. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 ulizitaka nchi za Afrika na Ulaya kuhamia dijitali, tarehe ya mwisho ikiwa 17 Juni 2015. Tanzania ilitangulia kwa kuanza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kenya ilikwama mahakamani. Kampuni tatu kubwa, Royal Media Services, Nation Media Group na Standard Group, zilikataa matangazo yao yapite kwenye mitambo ya Signet, iliyo chini ya shirika la utangazaji la taifa, KBC, au ya kampuni ya Kichina ya PANG. Zilitaka mtambo wao wenyewe na muda zaidi. Mahakama ya Juu ilipokataa kuwaongezea muda, tarehe 14 Februari 2015 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima mitambo yao ya analojia huko Limuru. Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka hewani kwa takriban wiki tatu, hadi mwanzoni mwa Machi.

Katika majuma hayo mtazamaji alikuwa katikati ya maneno yanayopingana. Mamlaka ilimwambia anunue king'amuzi. Vituo vyenyewe, ambavyo ndivyo alivyotaka kuviona, vilikuwa vimeendesha matangazo ya kumwonya asinunue ving'amuzi vya kampuni fulani kwa sababu vilibeba maudhui yao bila ridhaa. KBC na K24 zilibaki hewani na kupokea watazamaji ambao hazikuwatafuta. Aliyenunua haraka alinunua bila kujua kama kifaa chake kingeonyesha chaneli alizozitaka, na aliyesubiri alikosa habari za taifa lake kwa karibu wiki tatu.

Tanzania ilipata la kwake Agosti 2018. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliziagiza kampuni za televisheni ya kulipia, zikiwemo Azam, DStv na Zuku, kuondoa chaneli za ndani zisizolipiwa kama ITV, Clouds, EATV, Channel Ten na Star TV. Leseni zao, ilisema mamlaka, hazikuwaruhusu kuzibeba. Chaneli hizo zilipaswa kuonekana bure kupitia kampuni zenye leseni ya kusambaza matangazo ya ardhini. Baadaye utaratibu ulibadilika na chaneli zikarudi. Lakini kwa muda ule, mtu aliyekuwa na dishi halali na kifurushi kilicholipiwa alilala na chaneli za nchi yake, akaamka hazipo.

Sababu ya pili ni haki za matangazo, hasa za michezo. Kampuni ya matangazo ya michezo ya SuperSport ilijiondoa kwenye Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2017 baada ya mvutano kuhusu kuongezwa kwa timu kutoka 16 hadi 18, na mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards wakapoteza mechi walizozizoea kwa uamuzi wa vikao ambavyo hawakualikwa. Januari 2024 kampuni hiyo ilitangaza kwamba haitaonyesha Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa kuwa haki zilikuwa mikononi mwa New World TV ya Togo. Makubaliano yalipatikana siku chache tu kabla ya mashindano kuanza Ivory Coast tarehe 13 Januari. Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, walikuwa miongoni mwa timu zilizoshiriki. Shabiki aliyekimbilia king'amuzi kingine wiki ile alitumia fedha kwa hofu ya siku chache.

Ya tatu ni amri ya dola. Tarehe 30 Januari 2018, siku kiongozi wa upinzani wa Kenya, Raila Odinga, alipojiapisha katika bustani ya Uhuru, Citizen, NTV, KTN na Inooro zilizimwa. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe tarehe 1 Februari, serikali ikachelewa kutii, na vituo vikarudi kwa awamu, Citizen na Inooro zikiwa za mwisho. Tarehe 25 Juni 2025 hali ilijirudia: mamlaka ya Kenya iliamuru matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakome, mawimbi ya NTV, KTN na K24 yakakatwa, na Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo siku ileile. Tanzania ilishuhudia namna nyingine, ya kimyakimya zaidi. Januari 2016 Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliliambia Bunge kwamba shirika la utangazaji la taifa, TBC, halitaonyesha tena vikao vyote moja kwa moja kwa sababu ya gharama, akitaja Sh bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake wananchi wangepata muhtasari uliorekodiwa usiku. Hapo hakuna chaneli iliyozimwa. Kipindi kimoja tu kiliondolewa, na watazamaji wake waaminifu, waliokuwa wakifuatilia hoja za wabunge kama wengine wafuatiliavyo tamthilia, wakabaki na vipande.

Ya nne ni kusimama kwa kazi yenyewe. Ligi Kuu ya Uingereza ilisimamishwa tarehe 13 Machi 2020 kwa sababu ya korona na haikurudi hadi 17 Juni. Ligi ya Tanzania ilisimama Machi ikarejea Juni mwaka huohuo. Ya Kenya haikumaliziwa kabisa. Mwaka 2023 waandishi wa Hollywood waligoma kwa siku 148, na waigizaji wakajiunga nao katikati ya Julai, wakidai malipo ya haki kutoka kwa kampuni za mtandaoni na kinga dhidi ya akili mnemba. Misimu ya tamthilia nyingi ilichelewa. Katika kundi hili hakuna king'amuzi, antena wala intaneti itakayomletea mtazamaji kitu ambacho hakijatengenezwa.

Ipo na ya tano, adimu lakini kali kuliko zote: kampuni kufilisika. Kampuni ya televisheni ya kulipia ya GTV iliingia Afrika mwaka 2007 na sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, ikauza ving'amuzi kwa bei ya kuvutia Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine nyingi, kisha tarehe 30 Januari 2009 ikafunga milango. Waliokuwa wamelipa miezi ya mbele walibaki na vifaa visivyo na kazi, pamoja na madai dhidi ya kampuni isiyo na fedha.

Kila upande una hoja, na kila hoja ina ufa

Wadhibiti husema wanalinda utaratibu. Hoja ya TCRA mwaka 2018 haikuwa dhaifu: kama chaneli ni ya bure, kwa nini mwananchi aione kwa kulipia kifurushi cha kampuni binafsi, na akichelewa kulipa azimiwe hata taarifa ya habari? Kanuni hiyo ni njema, na anayejali wanyonge hawezi kuipuuza. Ufa wake uko kwenye ramani. Mitambo ya dijitali ya ardhini hufika zaidi mijini na pembezoni mwa miji, wakati satelaiti humwagika nchi nzima. Mkazi wa kijiji cha mbali aliyenunua dishi hakulinunua kwa kupenda kulipa. Ndilo lililofika kwake. Kumwondolea chaneli za ndani ili apate za bure ambazo mawimbi yake hayamfikii ni kumlinda kwa njia inayomwacha bila kitu. Utaratibu sahihi ulikuwa kuzilazimisha kampuni ziache chaneli hizo wazi hata kifurushi kikiisha, na agizo la kuondoa litumike tu pale ambapo kampuni imekaidi.

Wamiliki wa vituo vya Kenya nao walikuwa na madai yenye msingi. Waliwekeza kwenye mitambo kwa miaka, walizalisha tamthilia na habari kwa gharama yao, na hawakutaka njia ya kufika kwa mtazamaji ishikwe na mpinzani wa kibiashara au na taasisi ya serikali. Matukio ya 2018 na 2025 yanaonyesha kwamba hofu ya mkono wa dola kwenye swichi haikuwa ya kubuni. Lakini wao pia walimtumia mtazamaji kama silaha. Tarehe ya kuzima analojia ilijulikana kwa miaka. Kufika Februari 2015 bila njia mbadala, huku ukimwambia mteja asinunue vifaa vilivyopo sokoni, ni kumweka mateka kwenye kesi isiyo yake.

Kampuni za kulipia husema haki za matangazo ni ghali na kwamba bila wao michezo isingekuwa na fedha. Ni kweli. Mkataba wa Azam na shirikisho la soka la Tanzania, TFF, wa mwaka 2021, wa miaka 10 na thamani ya Sh bilioni 225.6, umezipa klabu za Tanzania kipato ambacho lango la uwanjani haliwezi kuleta. Anayetaka mechi zote ziwe bure lazima aseme mishahara ya wachezaji itatoka wapi. Udhaifu wa upande huu ni mikataba inayoandikwa kwa faida ya muuzaji peke yake: bei inapanda na chaneli zinapungua, na kifungu cha maandishi madogo kinasema kampuni inaweza kubadilisha maudhui wakati wowote. Mnunuzi wa kilo ya sukari akipewa robo tatu hudai chenji yake. Mteja wa king'amuzi mara nyingi hajui pa kudai.

Dola inapozima matangazo hutaja usalama wa taifa na amani ya raia. Hoja hiyo isitupwe bila kupimwa, kwa sababu eneo letu limeona maneno ya kwenye redio yakiua watu: RTLM ya Rwanda mwaka 1994 haijasahaulika, wala isisahaulike. Lakini kuonyesha tukio linalotokea bustanini si sawa na kuchochea mauaji, na mara zote mbili Kenya mahakama haikukubali kuzima kwanza na kueleza baadaye. Kukata mawimbi hakuzuii uvumi. Huupa uwanja mzima. Kuhusu Bunge, hoja ya gharama ingekuwa na nguvu kama wananchi wangeulizwa kwanza. Sh bilioni 4.2 ni fedha nyingi kwa shirika la umma, ila ni fedha hizohizo za umma zinazoendesha Bunge, na mwenye mali ana haki ya kutazama mali yake ikijadiliwa.

Njia za kukabiliana na bei ya kila moja

Kusubiri ndiyo njia ya bei nafuu zaidi, na mara nyingi ndiyo sahihi. Kazi ikiwa imesimama kwa mgomo au ugonjwa, hakuna cha kununua. Mvutano wa haki kati ya kampuni mbili ambazo zote zinapoteza fedha kadiri siku zinavyokwenda nao huelekea kumalizika karibu na tarehe ya mashindano, kama ilivyokuwa kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Kasoro ya kusubiri ni kwamba unaendelea kulipa. Mtazamaji anayesubiri asimamishe malipo au ashushe kifurushi, maana fedha inayoingia kila mwezi bila swali huiondolea kampuni sababu ya kuharakisha.

Kuhamia kampuni nyingine huonekana kama ushindi wa mteja, na kwa shabiki wa ligi moja tu unaweza kuwa uamuzi wa busara. Tatizo ni kwamba haki za michezo huzunguka. Ligi iliyo hapa leo itakuwa kule baada ya msimu, na kaya inajikuta na ving'amuzi vitatu juu ya kabati na rimoti nne mezani. Anayehama ahame kwa sababu ya bei na huduma ya jumla, asihame kwa hasira ya kipindi kimoja.

Intaneti imekuwa kimbilio kubwa, na kwa tamthilia ni kimbilio zuri kwelikweli. Vituo vya Kenya vilipozimwa mwaka 2018 viliendelea kurusha matangazo mtandaoni, na kwa mara ya kwanza watu wengi waligundua kwamba kituo kinaweza kuishi bila mnara. Leo sehemu nyingi za tamthilia za Kiswahili huwekwa YouTube saa chache baada ya kurushwa. Faida yake ni uhuru wa saa. Hasara ni mbili. Kwanza, bando: mechi moja ya dakika 90 kwa picha safi hula data ambayo kwa kipato cha wengi ni chakula cha siku. Pili, intaneti hukatika kwa sababu zilezile zinazokata televisheni, na nyingine za kwake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki ikahema. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikafanya hivyo tarehe 29 Oktoba 2025. Anayeitegemea intaneti peke yake siku ya habari kubwa ana uwezekano mkubwa wa kubaki gizani kuliko mwenye antena ya paa.

Njia ya magendo inajulikana na kila mtu: viungo vya mechi vinavyosambazwa kwenye makundi ya Telegram, programu za IPTV zisizo na leseni, vibanda vya kuingiza filamu kwenye flashi. Wanaoitetea husema ni kisasi cha haki kwa kampuni zinazopandisha bei. Hoja hiyo ina mvuto kwa mechi za Ulaya, ambako anayepoteza ni tajiri wa mbali. Haina mvuto hata kidogo kwa kazi za nyumbani. Tamthilia ya Kiswahili hutengenezwa kwa bajeti nyembamba, na kila mtazamaji anayeichota bure humpa mzalishaji sababu ya kutotengeneza msimu wa pili. Shabiki anayelia tamthilia yake imekatwa wakati aliiangalia kwenye flashi ameshiriki kuikata.

Kisha kuna vibanda umiza, ambavyo wachambuzi wengi huviruka. Kwa kiingilio kidogo mtu huona mechi kwenye kibanda chenye viti vya mbao na kelele za kutosha, na mwenye kibanda ndiye anayebeba mzigo wa vifurushi vitatu. Kwa shabiki wa kipato cha chini hii ni bima ya kweli dhidi ya haki zinazohamahama, na inarudisha kile Berelson alichokiona kikikosekana: watu wa kuzungumza nao. Kwa wanawake na watoto, hata hivyo, vingi havifai wala si salama usiku, na tamthilia haionyeshwi huko. Pia vingi havina kibali cha biashara kutoka kwa wenye haki. Halmashauri zingeweza kuvisajili kwa masharti mepesi, usalama ukaongezeka na wenye haki wakapata chao.

Mzigo usibaki kwa mtazamaji peke yake

Ukizipima njia hizi zote, kwa kaya ya kawaida mpangilio unaostahimili ni huu: antena au king'amuzi cha chaneli za bure kibaki kimeunganishwa hata kama kuna dishi la kulipia, kifurushi kilipwe mwezi kwa mwezi, kamwe isiwe mwaka mzima kwa mkupuo, kwa sababu ya yale yaliyowapata wateja wa GTV, na intaneti iwe ya tamthilia na marudio, isiwe tegemeo la habari za moja kwa moja. Inagharimu kidogo na hakuna mtu mmoja anayeweza kuzima yote kwa wakati mmoja kwa urahisi.

Lakini kuishia hapo ni kukubali kwamba kosa la wakubwa lilipwe na wadogo. Uingereza, kwa sheria yake ya utangazaji ya mwaka 1996, imeorodhesha matukio ya michezo kama Kombe la Dunia na Olimpiki ambayo lazima yapatikane kwenye televisheni ya bure. Afrika Kusini ina kanuni za namna hiyo chini ya mdhibiti wake, ICASA. Hakuna sababu ya msingi kwa nchi zetu kukosa orodha fupi inayoanza na mechi za timu ya taifa. Wapo watakaosema orodha hupunguza thamani ya haki na hivyo fedha za mashirikisho. Itapungua, na kwa mechi chache za taifa hasara hiyo inakubalika. Kwa ligi nzima isingekubalika, na hakuna anayependekeza hivyo.

Lingine ni fidia. Mdhibiti anayeweza kuiagiza kampuni iondoe chaneli usiku mmoja ana uwezo pia wa kuiagiza impunguzie mteja bili ya siku ambazo hakupata alichokilipia. Kanuni iseme wazi: chaneli iliyotangazwa ndani ya kifurushi ikiondoka kwa zaidi ya siku kadhaa, mteja arudishiwe sehemu ya fedha bila kuomba, na apewe taarifa ya sababu kwa ujumbe wa simu, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Hilo la taarifa peke yake lingefuta nusu ya uvumi.

Vyombo vya kupokea malalamiko vipo. Tanzania ina Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, lililoanzishwa chini ya sheria ya TCRA ya mwaka 2003. Kenya ina Mamlaka ya Mawasiliano, na Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inayompa mlaji haki ya huduma bora, taarifa na fidia. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa. Watu wachache huvitumia vyombo hivyo, kwa kudhani kwamba lalamiko la televisheni ni jambo dogo mno kuandikiwa barua. Si dogo. Chaneli yako ikipotea kesho, angalia kwanza kama zimepotea zote au moja, weka risiti ya malipo ya mwezi, andika tarehe, kisha peleka lalamiko kwa maandishi kwa kampuni na nakala kwa mdhibiti, wewe na majirani zako kwa pamoja.